Watu wa Utange Hawazai

Wifi yangu Mwanasaumu ana ugonjwa mmoja tu, nao hauna dawa: akiona mtu ameshika faili, lazima amchokoze. Namjua vizuri, maana aliolewa na kakangu Suleiman, Mungu amrehemu, na tangu siku ya harusi yao mpaka leo sijawahi kumshinda kwa maneno hata mara moja. Nimejaribu, wallahi. Huniacha niseme mpaka nimalize, kisha akaniuliza, "Umepumzika, wifi?" Mimi huishia kucheka tu, na nilichokuwa nimekasirikia nimekisahau.

Alikuwa mkunga miaka thelathini na mmoja katika hospitali moja ya ng'ambo ya daraja, kule kisiwani Mombasa. Akitoka hapa Utange alfajiri, akirudi jioni miguu imemvimba. Siku aliyostaafu walimpa keki na saa ya ukutani. Saa ile haikumaliza wiki, ikafa. Keki niliila mimi na majirani. Nikadhani sasa atakaa kitako, tupige soga, anisaidie kuchambua mbaazi. Thubutu! Wiki ya pili akaniambia, "Wifi, najenga nyumba ya kujifungulia."

"Hapa Utange?"

"Hapa hapa, kwenye kiwanja alichoniachia kakako. Au ulikuwa unakitolea macho wewe?"

Akajenga kweli. Vyumba vitatu, vyoo viwili, tangi la maji, na shimo la kutupia kondo la nyuma, lenye mfuniko wa saruji ambao watu wawili hawaubandui. Na sababu yake naijua, ingawa hakuwa akiisema ovyo. Mwanamke wa huku akishikwa na uchungu, ni mpaka avuke daraja. Malori ya mawe ya Mwakirunge yakishajipanga barabarani, hapiti mtu. Wako waliojifungulia kwenye tuktuk. Wako waliofika wamechelewa, na Mwanasaumu ndiye aliyekuwa akiwapokea kule upande wa pili. Hilo ndilo jambo pekee ambalo sijawahi kumsikia akilifanyia mzaha.

Lakini nyumba ya kujifungulia hufungui kama duka la sukari. Inataka kibali. Ukizalisha mtu hata mmoja kabla ya kibali, unafungiwa, na leseni yako ya ukunga unanyang'anywa. Mwanasaumu aliniapia kwamba hatagusa tumbo la mtu mpaka karatasi itoke. Na wakati huo, kwenye chumba changu cha kupangisha, alikuwapo Pascalia, mwanamke wa Busia, mimba ya miezi mitano. Mtoto wake wa kwanza alimzaa ndani ya tuktuk, karibu na daraja, dereva analia kuliko yeye. Kila siku alikuwa akija kuniuliza, "Mama, ile karatasi imetoka?" Nikimwambia bado, anarudi chumbani kimya kimya, nami roho inaniuma.

Afisa wa ukaguzi alikuja siku ya Jumanne. Jina lake Winfred, msichana wa Kitui, mpole, na faili lake amelibana kwapani. Ofisi yake siitaji, nisije nikaitwa. Akapima milango kwa utepe. Akapima madirisha. Akapanda na kushuka ule mteremko wa kiti cha magurudumu mara tatu.

"Panda na mara ya nne, mwanangu," Mwanasaumu akamwambia, "labda haujakuzoea."

Winfred akajitahidi asicheke. Saa saba ikafika, jua kali, na mtoto wa watu hajatia kitu mdomoni. Mwanasaumu akatenga chai na mahamri ya iliki na mbaazi za nazi. Winfred akayaangalia yale mahamri kwa huzuni kabisa.

"Pole, mama. Kanuni zinatukataza kula kwa mwombaji."

"Kwa mwombaji?"

"Ndiyo, mama."

"Huyu hapa si mwombaji," akasema, akininyooshea kidole. "Huyu ni wifi yangu, na hajaomba kitu maishani mwake, yeye huchukua tu. Rahima, beba sinia."

Basi nikabeba sinia, tukavuka ua hatua kumi na mbili mpaka kwangu, na Winfred akala mahamri matano kwa mujibu wa kanuni. Mwanasaumu akabaki kwake, ameketi barazani, akitupungia mkono kama mtu anayeaga wasafiri.

Alipokwisha kunawa, Winfred akanong'ona, "Mama, nyumba ni safi. Sijapata kuona nyumba safi namna hii. Lakini hilo silo linaloangusha watu. Kanuni inasema kwanza ionekane kwamba eneo lina haja. Wakubwa wataangalia vitabu vya wazazi vya ile hospitali ya kisiwani, wahesabu ni wanawake wangapi wa Utange waliojifungua. Wasipofika mia kwa mwaka, hawatoi kibali."

Nikacheka. Mia? Utange? Huku hata kuanika nguo ni vita, kamba zote zimejaa nepi. Nilimwambia Winfred aende kwa amani.

Barua ilikuja baada ya miezi miwili. Mwanasaumu aliisoma amesimama, akaisoma tena ameketi, kisha akanipa. Ilisema, kwa lugha nzuri yenye heshima nyingi, kwamba katika miaka mitatu iliyopita wakaazi wa Utange waliojifungua walikuwa kumi na mmoja, na kwa hivyo eneo halina haja ya huduma ya uzazi.

"Kumi na mmoja!" nikapiga kelele. "Kumi na mmoja ni nyumba ya jirani yetu Karisa peke yake!"

"Watu wa Utange hawazai, wifi," akasema Mwanasaumu. "Hawa watoto wanaotuvunjia madirisha ni majini."

Alikuwa akitabasamu, lakini aliichukua ile barua mkononi mwangu akaisoma mara ya tatu. Nami nilikasirika mno. Nilitaka niende ile ofisi na mwiko wangu.

Kumbe wakati huo kaunti ilikuwa inataka kubadilisha kanuni zenyewe za vibali, na sheria inataka wananchi waulizwe kwanza. Tangazo likabandikwa: kikao cha kutoa maoni, ukumbi wa Mjambere, Alhamisi saa tatu asubuhi. Watu huenda vikao hivyo kwa ajili ya soda, tusidanganyane. Unatia sahihi, unasikiliza maneno usiyoyaelewa, unapewa soda na keki, unarudi nyumbani. Lakini safari hii Mwanasaumu alipita mlango kwa mlango siku tatu. "Njooni na watoto wenu," aliwaambia wanawake. "Msiwaogeshe sana, wakija kulala hawatasikika."

Jamani, Alhamisi hiyo! Ukumbi ulijaa mpaka madirishani. Watoto wanalia, watoto wanakimbizana, mmoja amepanda meza ya wageni. Pascalia alikaa mbele kabisa, miezi minane na ushei, amejifunga leso, anahema. Wanakamati walikuwa watano, na mwenyekiti wao ni bwana mmoja aitwaye Mwarandu, mtu wa makamo, sauti nzito, kalamu mbili mfukoni. Winfred alikuwa ubavuni mwake na faili lake.

Zamu ya Mwanasaumu ilipofika, akasimama taratibu, akajitengeneza buibui.

"Mheshimiwa, kabla sijatoa maoni, ningependa nijue nasema na nani. Kwenu wapi, mwanangu?"

"Ganze, mama," akasema Mwarandu kwa fahari. "Ganze kabisa, ndani ndani huko."

"Mashallah. Umefika saa ngapi leo? Maana Ganze mbali."

"La, la. Mimi nakaa hapa hapa Mjambere."

"Tangu lini?"

"Huu mwaka wa kumi na tisa."

"Na watoto?"

"Watatu. Wote wamezaliwa nikiwa hapa."

Mwanasaumu akatikisa kichwa kwa heshima, akamgeukia Winfred. Winfred akasema Kitui, lakini analala Mishomoroni. Aliyefuata akasema Taveta, anaishi Bamburi. Wa nne Homa Bay, wa tano Lamu. Kila mmoja akijibu, ukumbi unacheka zaidi, na wao wenyewe wakaanza kucheka bila kujua wanachekea nini.

"Basi leo nimekoma," akasema Mwanasaumu. "Nimekuja kutoa maoni kwa kamati ya Mombasa, nakuta kamati nzima hakuna hata mtu mmoja wa Mombasa! Mheshimiwa, mkeo alipokwenda kujifungua, alipoulizwa kwao wapi, alisema Mjambere?"

Mwarandu akajikuna kisogo. "Hakusema. Nyumba ya kupanga si kwenu, mama. Kwenu ni kule mlikozika wazee."

"Ehe! Na hawa waliojaa hapa wote wamepanga. Mmoja atakwambia Busia, mmoja Rabai, mmoja Murang'a. Ndiyo maana Utange haizai."

Makofi yalipigwa, vigelegele, mtoto wa mezani akaanguka akanyamazishwa. Mimi nikajua tumeshinda. Nilianza hata kuitafuta soda kwa macho.

Winfred ndiye aliyetuharibia, maskini, tena bila kutaka. "Hoja ni nzuri, mama," akasema, "lakini kanuni inafuata kitabu. Na kitabu kimeandika makao yao." Akatoa nakala za kurasa za kile kitabu, bunda zima. Majina yamefunikwa kwa wino mweusi, ni siri za watu. Yaliyobaki ni tarehe, mtoto, na makao.

Mwarandu akazipekua, akakunja uso. "Huyu mwandishi hakufanya kazi yake. Makao ni mahali mtu anapoishi. Mtu wa namna hii yafaa afikishwe mbele ya wakubwa wake, hata kama amestaafu, anyang'anywe leseni." Akampa Mwanasaumu kurasa azione.

Nilikuwa nyuma yake, nikachungulia. Nikaiona ile saba. Kuna mtu mmoja tu katika dunia hii anayeandika saba yenye mkia mrefu namna ile na kamstari katikati, na ndiye anayeniandikia orodha ya dukani kila Ijumaa. Moyo wangu ukashuka mpaka kwenye ndara.

Nikamfinya kiunoni. "Nyamaza," nikamnong'oneza. "Nyamaza, wifi, nakuomba. Hawajui."

Akapekua ukurasa wa pili, na wa tatu. Kamati ikaona amechoka, Mwarandu akaanza kumwita mtu mwingine. Angekaa tu, ingekwisha. Angebaki na leseni yake na nyumba yake tupu, mambo yakangojea kanuni mpya mwaka mwingine. Lakini Pascalia alikuwa amekaa pale mbele, anamtazama.

"Huyo mwandishi ni mimi," akasema.

Ukumbi wote ukageuka kumtazama. Hata watoto.

"Mama, unajua kila unalosema linaandikwa?" Mwarandu akauliza.

"Liandike. Tena uliandike vizuri kuliko nilivyoandika mimi." Akawaonyesha wale wanawake kwa mkono. "Nilikuwa nikiwauliza, kwenu wapi, mwanangu? Mtu mwenye uchungu ukimuuliza kwao hutulia. Hukutajia kwa mamake, mto wao, shule aliyosoma. Anasahau kidogo. Mimi nikawa naandika alichoniambia, na kazi inaendelea. Wengine nilikuwa nikipanda nao gari moja kurudi huku jioni, mtoto mchanga nimempakata mimi, na kitabuni nimemwandika wa Siaya. Haya, leseni mtaichukua. Lakini kwanza niachieni nizisome kurasa hizi. Sitataja jina la mtu. Mwenye kujijua atajijua."

Mwarandu akawatazama wenzake. Akampungia mkono aendelee.

"Tarehe tatu Machi," akasoma. "Mtoto wa kiume, kilo tatu na nusu. Makao, Busia."

Pascalia akasimama, ameshika mgongo. "Ni mimi. Na huyo hakuzaliwa hospitali, alizaliwa tuktuk. Nyinyi mlimpima tu."

Watu wakacheka. Winfred akachukua kalamu.

"Tarehe kumi na moja Machi. Pacha, wa kike wote. Makao, Rabai."

Mwanamke akasimama nyuma, na mapacha wake wakatambulika kwa kelele.

"Tarehe hiyo hiyo. Mtoto wa kike. Makao, Murang'a."

"Ni miye!" akaruka Njeri, muuza mboga wa njia panda. "Na Murang'a sijakanyaga tangu nizae!"

Ikawa hivyo. Tarehe, mtoto, makao, mtu anasimama. Tarehe, mtoto, makao. Wawili wanasimama, wanabishana nani ndiye, mmoja anakumbuka kumbe wake alizaliwa kesho yake. Si wote waliokuwapo. Mwingine alisimamiwa na mama mkwe, mwingine na jirani. Winfred alikuwa akikata "Kitui" kwa mstari, anaandika "Utange" juu yake, nilimwona akijifuta jicho kwa kiganja. Mimi nilikuwa nimeshaacha kuogopa. Nilikuwa na fahari, sikufichi, nilitaka kila mtu ajue huyu ni wifi yangu.

Kisha akafika ukurasa mmoja akasita. Akarudisha miwani juu ya pua.

"Tarehe kumi na tisa Agosti," akasoma polepole. "Mtoto wa kike, kilo mbili na robo tatu. Makao, Siaya."

Hakusimama mwanamke yeyote. Tukangoja. Mwarandu akainua kichwa, nadhani alitaka kusema tuendelee.

Akasimama Odhiambo, fundi wa pikipiki, ambaye karakana yake iko karibu na msikiti. Ni mtu asiyesema sana. Nilikuwa hata sijamwona alipoingia.

"Ni sisi," akasema. "Siku hiyo tuliondoka Utange saa moja asubuhi. Tulifika saa nne kasoro. Mtoto yuko nyumbani kwa nyanya yake. Mama yake hakurudi naye."

Akabaki amesimama, mikono ina grisi, hajui aketi ama asiketi. Mwanasaumu alikuwa analia waziwazi, bila kujifunika. "Nilikuwako zamu," akasema. "Mimi ndiye niliyeandika Siaya."

Mwarandu akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. "Mama, bado mistari mingapi?"

"Mia mbili na zaidi, bwana."

"Soma yote."

Akasoma yote. Adhuhuri iliadhiniwa, watu wakaenda kusali, wakarudi, akaendelea alipoachia. Soda zilipashwa na jua mpaka zikawa moto, na hakuna aliyeziulizia. Hesabu ya Winfred ilipokamilika, wa Utange walikuwa mia nne na sita kwa miaka mitatu. Mwarandu akasema mbele ya watu wote kwamba maombi ya Mwanasaumu yatarudi mezani kwa hesabu hiyo, na kwamba kanuni mpya itataka mzazi aulizwe alikoamkia siku ile ya uchungu. Kuhusu leseni alisema ataandika barua ya onyo. Barua hiyo ilikuja, na Mwanasaumu ameitia kwenye fremu, ameitundika chooni, kile cha wageni.

Kibali kilitoka baada ya siku kumi na sita. Pascalia alingoja siku kumi na nane, Mungu ni mwema, akajifungua mtoto wa kiume mchana kweupe, na alipiga mayowe yaliyosikika mpaka sokoni. Mwanasaumu alimwambia apunguze, wateja wengine watakimbia.

Lakini ninalolikumbuka ni la ile Alhamisi, tulipotoka ukumbini. Odhiambo alikuwa ametungoja mlangoni. Alimwamkia Mwanasaumu shikamoo, akaitikiwa, kisha akasimama tu, anafuta vidole kwa kitambaa.

"Mama," akasema, "nataka kukuuliza kitu. Kutoka kwangu pale karakana mpaka kwenye hiyo nyumba yako, ni mwendo wa dakika ngapi?"

Nilimtazama wifi yangu. Yeye hakosi jibu. Angeweza kumwambia lolote la kumpoza, nami nilimwomba moyoni amwambie.

"Nane," akasema. "Kwa miguu, mwanangu."

Odhiambo akaitikia kwa kichwa, akashukuru, akaenda zake kazini.